DJ wa Nairobi na ngoma zisizo na jina: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa maDJ wa Nairobi: wa klabu, wa arusi, wa nganya (matatu zilizopambwa zenye muziki mkubwa), wa redio, na wale wanaoanza na kontrola (kifaa cha kuchanganyia nyimbo) ya kuazima sebuleni kwa mama. Nimekuwa kwenye deki tangu 2009 na maswali haya hunijia kila wiki, mengine saa nane za usiku kwa WhatsApp, DJ akiwa kazini na klabu imejaa. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu kwa mdomo. Penye sheria nimeeleza kama mtu wa kazi hii anavyoielewa. Ukipewa barua ya mahakama, tafuta wakili.

Wimbo nikiupata bure na kuucheza, msanii anaumia vipi? Si ninamtangaza?

Kwa miaka mingi hata mimi nilijibu hivyo. Nilikuja kubadilika Jumapili moja jioni kwenye baa ya Umoja.

Jumapili pale ni ya zilizopendwa: benga, rumba, twisti. Niliweka benga moja niliyokuwa nimetumiwa na rafiki, na mzee mmoja aliyeketi peke yake karibu na mlango akasimama, akaja polepole hadi kwenye deki na soda yake mkononi. Akangoja wimbo uishe. "Kijana, hii umeitoa wapi?" Nikamjibu, "Nilitumiwa, mzee." Akaniambia gita la pili kwenye wimbo huo ni lake. Kisha akatoa miwani mfukoni, akainama na kuisoma skrini ya laptopu yangu. Palikuwa pameandikwa AUD-20190412-WA0007. Alisoma mara mbili, kidole kikifuata herufi moja baada ya nyingine, akitafuta jina la bendi. Halikuwapo. Hiyo ni namba tu ambayo WhatsApp hubandika kwenye sauti iliyotumwa: tarehe, na nafasi yake katika foleni ya siku hiyo.

Hakunidai pesa. Aliniomba niliandike jina. Nikaliandika hapohapo huku yeye akinitajia: bendi, mwimbaji, wapiga gita wawili, mwaka. Wateja walikuwa wakipiga kelele muziki umekatika, na kwa mara ya kwanza katika kazi hii sikuwajali.

Kwa hiyo jibu langu la leo ni hili. Bei ya faili ni hasara, lakini ni hasara ndogo. Kubwa zaidi ni jina linalodondoka njiani faili inapotoka mkono hadi mkono. Pesa za muziki hufuata jina. Mtu wa klabu akiipenda ngoma atamtafuta nani? Kituo cha redio kikijaza orodha ya nyimbo zilizochezwa, kitaandika nini? Unasema unamtangaza. Usiku ule baa nzima ilicheza benga ya mzee na hakuna hata mmoja aliyejua ni ya nani, nami nikiwamo.

Sheria ya Kenya inasemaje hasa?

Sheria kuu ni Sheria ya Hakimiliki ya 2001, iliyorekebishwa mara kadhaa, yakiwamo marekebisho ya 2019 na ya 2022. Inasimamiwa na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO. Kunakili wimbo, kuusambaza na kuucheza hadharani ni haki za mwenyewe, na anayefanya hayo bila ruhusa anavunja sheria, awe ameuza au amegawa bure. Msanii halazimiki kusajili wimbo ndipo alindwe. Ukisharekodiwa au kuandikwa, ulinzi umeanza. Usajili humsaidia kuthibitisha.

Kuna kifungu kimoja ambacho maDJ wachache wamekisikia, nami ningependa kila mmoja akijue. Sheria inahesabu kuwa ni ukiukaji pia kuondoa au kubadilisha maelezo ya kielektroniki yanayotambulisha kazi na mwenye haki, na vilevile kusambaza kazi ambayo maelezo hayo yameondolewa bila idhini. Kile kitendo cha kufuta jina la msanii kwenye tegi (maelezo ya wimbo yaliyo ndani ya faili) na kuweka la tovuti yako au la DJ wako, sheria inakitambua. Kwa hiyo kilio cha yule mzee ni suala la kisheria kabisa.

Klabu imelipa leseni ya muziki. Basi mimi niko salama?

Nusu. Leseni ya klabu inahusu kucheza muziki hadharani, na mwenye baa, hoteli au matatu ndiye anayetakiwa kuilipa. Haisemi lolote kuhusu namna faili ilivyoingia kwenye flashi yako. Hayo ni mambo mawili yanayochanganywa kila siku, hata na mameneja.

Ukiwa na vyombo vyako mwenyewe na unakodishwa kwa arusi na ruracio (sherehe ya mahari), wewe ndiwe unayeleta muziki mahali hapo. Usingoje kuulizwa leseni langoni. Ulizia mapema ada ya DJ anayehamahama na uiingize kwenye bei unayomtajia mteja.

Hivi vyama vya kukusanya mirabaha ni vipi, na nimlipe nani?

Kihistoria kazi imegawanywa sehemu tatu. MCSK imekuwa ya watunzi na wachapishaji, KAMP ya wanaomiliki rekodi, na PRISK ya waimbaji na wapigaji. Wimbo mmoja una wenyewe wa aina zote tatu, ndiyo maana mwenye baa huona kama anadaiwa mara nyingi kwa kitu kimoja.

Leseni ya chama hutolewa na KECOBO kwa muda maalum na huhitaji kufanywa upya. Mambo hubadilika: mwaka 2017 leseni ya kuwakusanyia watunzi ilipewa MPAKE badala ya MCSK, na kesi za vyama hivi zimefika mahakamani zaidi ya mara moja. Kabla ya kutoa shilingi, angalia tangazo la sasa la KECOBO uone ni chama gani kina leseni. Mtu akikujia usiku na kitabu cha risiti na kukutaka utume pesa kwa namba yake binafsi ya M-Pesa, usitume.

Na pesa hizo zikishakusanywa, zinamfikiaje msanii niliyemcheza mimi?

Hapa ndipo DJ anapokuwa na uzito kuliko anavyodhani.

Ili pesa zigawanywe, lazima mtu ajue ni nini kilichezwa. Redio na televisheni zina kumbukumbu na zinaweza kurekodiwa hewani na kuchunguzwa na mashine. Klabu haina. Usiku mzima wa muziki hupita pale Westlands, Ngong Road au Thika Road na asubuhi hakuna karatasi hata moja. Pasipo na orodha, chama hulazimika kukisia, na ukisio huegemea zile nyimbo ambazo tayari redio inazicheza sana. Msanii wa Kayole ambaye ngoma yake inavuma kwa nganya na mitaani, ila redio haijamshika, hutoka mikono mitupu hata kama maDJ wote wa jiji wanamcheza.

Nje ya nchi wamejaribu kuziba pengo hili kwa mashine. Pioneer DJ walizindua KUVO mwaka 2014, mfumo wa kunasa majina ya nyimbo moja kwa moja kutoka kwenye deki za klabu. Kampuni ya Kiholanzi ya DJ Monitor hutambua nyimbo kwa kuisikiliza sauti yenyewe. Lakini mashine inayosoma majina ikikuta AUD na namba, itaripoti AUD na namba.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1975 kule New York, David Mancuso na wenzake walianzisha chama cha maDJ cha kupokea santuri kutoka kwa kampuni za muziki. DJ alipewa santuri bure, naye akarudisha taarifa ya jinsi watu walivyoipokea ukumbini. Muziki ulishuka kwa DJ na habari zikapanda kwa mwenye muziki. Sisi tulibaki na nusu moja tu ya mapatano hayo: muziki unatufikia, habari hazirudi.

Nitaandikaje orodha ya nyimbo huku nacheza?

Huandiki. Programu yako inakuandikia, na wengi hawajawahi kuifungua sehemu hiyo. Serato ina Historia, unaweza kuitoa kama faili ya maandishi. Rekordbox inahifadhi historia ya kila seti, na ukicheza kwa CDJ (deki za klabu zinazosoma flashi), historia hiyo inabaki kwenye flashi yako. VirtualDJ nayo ina folda yake ya historia. Ukifika nyumbani asubuhi itoe, futa zile ulizopakia ukazisikiliza masikioni tu bila kuzitoa kwa spika, weka tarehe na jina la ukumbi, hifadhi. Dakika kumi.

Kisha itumie. Mpe mwenye klabu nakala. Ukiombwa orodha na chama, unayo. Mimi huwatumia wasanii wa hapa ninaowafahamu ujumbe mfupi Jumatatu: ngoma yako nimeicheza Ijumaa saa saba usiku, walinyanyuka. Prodyuza mmoja wa Dandora alinijibu kwamba hakuwahi kuambiwa kitu kama hicho na DJ yeyote. Tangu hapo hunitumia kazi zake kabla hazijatoka.

Nikianika orodha yangu, maDJ wengine si wataniibia seti?

Naielewa hofu hii. Kuna ngoma nilizozificha miaka mitatu nikiona ndizo riziki yangu. Enzi za santuri wengine walibandua lebo ya katikati ili mwenzake asisome jina. Lakini mpangilio, muda wa kuingiza, kuusoma umati, hayo hayamo kwenye orodha. Ukificha jina la wimbo wa mtu ili ulinde kazi yako, umemzima yeye ili wewe ung'are. Siwezi kulitetea hilo tena.

Kama huna amani nalo, chelewesha. Toa orodha baada ya wiki mbili.

Nimesikia ukitumia chini ya sekunde 30 si kosa. Kweli?

Hapana. Hakuna kanuni kama hiyo katika sheria ya Kenya.

Je, miksi ninazopandisha mtandaoni?

Miksi ni nakala ya kila wimbo uliomo ndani yake, kwa hiyo inahitaji ruhusa hata kama hukuuza. Kwa vitendo, majukwaa hutofautiana sana na ni vizuri uchague ukijua.

Mixcloud, iliyoanzishwa 2008, ilijengwa kwa ajili ya miksi: inatambua nyimbo na kuwalipa wenye haki. Apple Music ilianza mwaka 2021 kutumia teknolojia ya Shazam kutambua nyimbo ndani ya miksi ili wenyewe walipwe. Mdundo, kampuni iliyoanzia hapa Nairobi, ina miksi za maDJ wa Afrika Mashariki zinazopakuliwa kihalali. YouTube ina Content ID tangu 2007: mwenye wimbo akishaweka kazi yake humo, anaweza kuizuia video yako, kuiacha lakini pesa za matangazo ziende kwake, au kuitazama tu aone inakopigwa. Dai la Content ID si sawa na onyo la hakimiliki. Maonyo matatu ndani ya siku 90 na akaunti yako inaweza kufungwa. Nimeona vijana wakilia kwa kupoteza idhaa ya miaka minne namna hiyo.

Usiweke miksi kwenye tovuti za kupakua bure zenye matangazo ya kamari yanayoruka kila unapobofya. Hao wanakula kwa mgongo wako na wa msanii kwa pamoja.

Shazam na Content ID hutambuaje wimbo? Nikiongeza kasi kidogo si itapotea?

Mashine haisikilizi maneno wala melodi kama sisi. Huichora sauti kama ramani: muda ukienda kulia, masafa yakipanda juu. Kisha hushika vilele tu, yaani zile nukta zenye nguvu kuliko majirani zake, na kuzifunga mbili mbili pamoja na umbali wa muda kati yake. Jozi hizo ndizo alama ya kidole ya rekodi. Kelele za baa, glasi kugongana, emsii kupayuka juu ya beti, hivyo havifuti vilele vyote, na jozi chache zinazolingana kwa mpangilio mmoja wa muda zinatosha. Ndiyo maana Shazam, iliyoanza Uingereza mwaka 2002 kwa mtu kupiga namba 2580 na kuielekeza simu kwenye spika, iliweza kufanya kazi hata kwenye simu zile za zamani.

Ukibadilisha kasi, umbali kati ya nukta hubadilika, na mfumo wa kwanza wa Shazam uliyumba kwa hilo. Mifumo iliyokuja baadaye imelizingatia. Nakuomba uliangalie upande wa pili: DJ anayepandisha wimbo kwa asilimia nane ili mashine isiutambue, ameikimbia pia mashine ambayo ingemwandikia msanii haki yake.

ISRC ni nini?

Ni kitambulisho cha rekodi, kama namba ya kitambulisho chako. Ina herufi na tarakimu 12: mbili za mwanzo za nchi au mtoaji, tatu za mwenye kusajili, mbili za mwaka, tano za rekodi yenyewe. Toleo la studio na lile la jukwaani yana ISRC tofauti. Rimiksi nayo ina yake. Utunzi, yaani wimbo kama ulivyo kichwani mwa mtunzi, una namba nyingine inayoitwa ISWC.

Ukipewa ngoma na msanii chipukizi, muulize ISRC. Akikuambia haijui, mwelekeze kwa aliyempandishia wimbo mtandaoni, maana wasambazaji wa kidijitali hutoa namba hiyo. Ibandike kwenye nafasi ya maoni ya faili. Hakuna zawadi kubwa kuliko hiyo unayoweza kumpa bila kutoa senti.

Nitajuaje kama faili yangu ni ya wizi au imepulizwa?

Anza na jina. Ukiona jina la tovuti ndani ya jina la wimbo, au "(1)(1)", au AUD, tayari unajua ilikopitia.

Halafu uzito. Wimbo wa MP3 wa dakika nne kwa ubora wa 320 (kilobiti kwa sekunde) unakaribia megabaiti 9.6. Kwa 128 ni karibu 3.8. Tatizo ni kwamba mtu anaweza kuichukua ile ya 128 iliyonyofolewa kwenye video, akaigeuza kuwa 320, ikawa nzito bila kupata kitu. Hiyo ndiyo tunaita ya kupulizwa, kama nyama iliyotiwa maji. Ifungue kwa Spek, programu ya bure inayoonyesha picha ya masafa. Faili nzuri ya 320 hupanda hadi karibu kilohezi 20. Iliyopulizwa hukatika kama imepigwa panga karibu na 16, na juu yake ni giza tupu.

Kwa spika za nyumbani huenda usione tofauti. Kwa mfumo mkubwa utasikia matoazi yakichakarisha kama mtu anakanyaga changarawe, na besi ikiwa laini bila ngumi. Mhandisi wa sauti atakulaumu kwa macho usiku kucha.

Wanaweza kujua mimi ndiye niliyevujisha wimbo wa promo (niliotumiwa kabla haujatoka)?

Ndiyo. Lebo nyingi hutia chapa fiche ndani ya sauti ya promo, tofauti kwa kila anayetumiwa. Sikio haliisikii, na inaweza kustahimili kugeuzwa MP3. Wimbo ukitokea kwenye gurupu la Telegramu, huisoma chapa na kupata jina lako. Hata bila chapa, faili nyingi zilizonunuliwa iTunes hubeba ndani yake taarifa za akaunti ya mnunuzi. Na anayepakua kwa torenti huonyesha anwani yake ya IP kwa kila mtu aliye kwenye mzunguko huo.

Ukitumiwa promo, usimpe hata DJ unayemwamini. Umeaminiwa wewe, hajaaminiwa yeye.

Na programu ya DJ, inanifuatilia?

Ikiwa kwenye intaneti inaweza kutuma taarifa za matumizi. Soma mipangilio ya faragha uzime usichokitaka. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kuuliza kampuni ina taarifa gani zako na inazitumiaje. Binafsi nimeacha ripoti ya nyimbo ikiwa wazi na nimefunga ile ya mahali nilipo. Wimbo una haki ya kujulikana ulipochezwa. Nyumba yangu haina haja hiyo.

Programu ya krakidi (iliyovunjwa ili itumike bila kulipiwa) je? Leseni ni ghali.

Usiiweke kwenye laptopu ya kazi. Yangu ilizima Ngara, watu mia nne ukumbini, bi harusi akiwa mlangoni anangoja wimbo wa kuingilia. Nilipoipeleka kwa fundi alikuta virusi vilivyokuja na krakidi hiyo. Anza na toleo la bure la rekordbox, au nunua kontrola iliyotumika inayokuja na programu yake nyepesi.

Naweza kucheza klabuni kutoka Spotify au YouTube?

Akaunti hizo ni za matumizi binafsi, masharti yenyewe yanasema hivyo. Kuna huduma zinazoungana na programu za DJ, lakini soma kama zinaruhusu kucheza hadharani. Na mtandao wa ukumbi utakuangusha siku mbaya kuliko zote.

Yale maduka ya kujaza flashi mjini?

Nimelelewa nayo, kwa hiyo nitasema kwa heshima. Ukipita Luthuli au River Road utapata kijana mwenye kompyuta moja, feni na waya kumi, na kwa bei ya chakula cha mchana anakujazia gigabaiti 16. Kwa mtaa usio na pesa za data hilo lilikuwa maktaba. River Road hiyohiyo ndiyo iliyokuwa na studio na wauza kaseti, na wasanii wetu wakubwa wa lugha za nyumbani walipita pale. Kaseti za kunakiliwa ziliwafuata hadi vibandani. Simchukii kijana huyo. Lakini flashi ya gigabaiti 16 hubeba nyimbo elfu nne za 128, na sijawahi kuona moja iliyojazwa huko ikiwa na majina kamili. Ukinunua kwake, unanunua nyimbo elfu nne za AUD.

Basi nipate wapi muziki bila kufilisika?

Kwa muziki wa nje, jiunge na huduma ya maDJ inayolipiwa kwa mwezi, kama DJcity, ambako unapata toleo safi (lisilo na matusi), toleo la utangulizi mrefu na tegi zilizojazwa. Wawili wasishiriki akaunti moja, mtafungiwa wote. Kwa hausi na muziki wa elektroniki kuna Beatport, inayouza wimbo mmoja mmoja. Bandcamp hukata asilimia 15 kwa mauzo ya kidijitali, zinazobaki baada ya gharama za malipo zinakwenda kwa msanii.

Kwa muziki wa hapa, njia bora ni ya ana kwa ana na haifundishwi popote. Mwandikie msanii: "Mimi ni DJ fulani, nacheza mahali fulani kila Ijumaa, ningependa WAV ya wimbo wako na majina ya waliouunda. Nikutumie ngapi?" Wengi hukupa bure. Wengine hutaja mia moja au mia mbili. Tuma, na uhifadhi ujumbe huo. Ndio ruhusa yako ya faili. Nusu ya ngoma zangu za gengetone na drili nimezipata hivi. Mwambie aitume kama hati, si kama sauti, ili WhatsApp isiibadilishe jina.

Nyimbo za zamani kabisa si huru sasa?

Si zote, na inategemea unazungumzia nini. Ulinzi wa rekodi hudumu miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Ulinzi wa utunzi hudumu uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Wimbo wa 1968 unaweza kuwa rekodi yake imeshatoka kwenye ulinzi, ilhali mtunzi bado anaishi Siaya au Machakos na utunzi ni wake kabisa.

Miksi yangu mwenyewe imeibiwa, mtu ameweka drop yake (sauti inayotaja jina la DJ) juu ya yangu. Nifanye nini?

Kwanza picha za skrini zenye tarehe. Pili, mwandikie mwenye tovuti. Marekebisho ya 2019 yaliweka utaratibu wa notisi ya kuondoa maudhui kwa watoa huduma za intaneti, ikieleza kazi, mwenyewe na mahali ilipo. Usidanganye katika notisi hiyo, ni kosa. Lakini kabla ya kuandika, jiulize kama wewe ulikuwa na ruhusa ya nyimbo zilizomo. Maumivu unayoyasikia ukikuta jina lako limefutwa kwenye kazi ya usiku kucha ndiyo aliyoyasikia yule mzee wa Umoja.

Nina nyimbo elfu nane chafu. Naanzia wapi?

Usianze na elfu nane, utaacha siku ya tatu. Fungua historia ya mwezi uliopita. Utakuta unacheza kama mia mbili zilezile. Hizo ndizo za kuanza nazo: nunua au omba upya zile unazoweza, zilizobaki zitambue kwa Shazam, jaza msanii, mtunzi, prodyuza na mwaka. Ishirini kila Jumatatu.

Za benga, mugithi, taarab ya zamani na ohangla Shazam mara nyingi haitazijua. Hizo zipeleke kwa wazee. Cheza Jumapili, weka kalamu na daftari karibu na deki, na mtu akisimama kuja kukuuliza wimbo umeutoa wapi, punguza sauti kidogo umsikie.